Vitone Kati ya Maduara Mawili

Katika kazi yangu mwanamume ni pembetatu na mwanamke ni duara. Aliyekufa tunampiga mstari wa mshazari. Ndugu tunawaning'iniza kwenye mstari mmoja kama nguo kwenye kamba, na watoto wanashuka chini ya wazazi wao. Mke na mume tunawaunganisha kwa mistari miwili mifupi, ile ile alama ya sawasawa tuliyofundishwa darasa la kwanza kwenye hesabu. Wakiachana, kistari kimoja kinaikatiza ile miwili, basi, ndoa imekwisha. Niliipenda sana michoro hii. Niliamini kwamba familia ikishakaa kwenye karatasi haiwezi kuniponyoka tena, na mimi ni mtu nisiyependa kuponyokwa.

Naitwa Anitha, mzaliwa wa Ngamiani, Tanga. Huu ni mwaka wa nne niko huku ughaibuni nasomea anthropolojia, na utafiti wangu ni juu ya Wameksiko: wanaume na wanawake wao wanaishije wakishahamia huku, nani anampenda nani, nani anaitwa nani ndani ya nyumba. Kihispania nilikiokota jikoni kwenye mgahawa mmoja wa Wheaton nilikokuwa naosha vyombo. Watu wakiniuliza Mtanzania ana habari gani na Wameksiko, nilikuwa na jibu langu tayari: Wazungu wametuchunguza sisi miaka na miaka bila hata kupiga hodi, acha na sisi tukachungulie kwa wengine. Walikuwa wanacheka. Na mimi nilikuwa nacheka.

Doña Eufemia nilikutana naye kwenye chumba cha kufulia cha jengo letu pale Hyattsville. Doña ndivyo wanavyomwita mwanamke wa heshima, kama sisi tunavyosema Bi. Nilikuwa nakunja khanga. Akaishika moja, akaigeuza, akauliza maandishi yake yanasema nini. Yalisema: *Yako yamekushinda, ya mwenzio utayaweza?* Nilipomtafsiria alicheka mpaka akaegemea mashine. Jumamosi iliyofuata nilikuwa jikoni kwake, nafundishwa kupaka unga wa mahindi uliokandwa kwenye maganda ya mahindi ili tufunge tamales za kupeleka kanisani.

Humo jikoni walikuwa wawili. Eufemia, mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya barabara. Na Obdulia, mwembamba, mkimya, ambaye kazi yake ilikuwa kuonja na kukubali chumvi kwa kichwa. Walitoka kijiji kimoja huko Puebla, Meksiko. Mtoto wa pekee wa Eufemia, Rogelio, alipobatizwa, aliyemshika mbele ya padri alikuwa Obdulia. Kwa Wameksiko jambo hilo halimfungi mtoto na mama wa ubatizo peke yao, linawafunga na wale wanawake wawili wenyewe. Wanakuwa comadre. Mume wa Eufemia alifariki, Eufemia akavuka mpaka kuja huku na mtoto, Obdulia akafuata mwaka uliofuata. Miaka ishirini na sita waliishi nyumba moja, na jengo zima, Wasalvador kwa Wameksiko, liliwaita kwa jina moja tu: las comadres.

Chumba cha kulala kilikuwa kimoja. Kitanda kilikuwa kimoja. Nilikiona siku niliyotumwa kuchukua kitambaa, na sikuona ajabu, maana bibi yangu wa Tanga naye alikuwa na shoga yake. Wao walinunua doti moja ya khanga wakaikata, kila mmoja kipande chake, na siku wakitoka pamoja mtaa mzima ulijua ni nusu ya nini. "Niache nilale kwa shoga yangu," bibi alikuwa anasema, na babu aliitikia tu. Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza shoga ni nani hasa. Siku hizi neno lenyewe limeharibiwa, wanaume wanatukanana kwalo, lakini kwa bibi lilikuwa neno pana, ungeweza kujifunika kutwa na miguu isionekane. Haya yote niliyajua kabla sijajua kusoma. Ndiyo maana sina pa kujificha.

Siku ya kuchora ukoo wao nilianza na wa kwangu, ili wasiogope. Nikawachorea baba na mama, mistari miwili, kisha kistari kile kinachokatiza, kwa sababu baba alituacha nikiwa na miaka saba. Obdulia akauliza kistari ni cha nini. Nilipomwambia, alinigusa mkono, akarudi kwenye sufuria yake. Itzel, binti wa Rogelio, miaka minane, ambaye bibi zake walikaa naye kila siku baada ya shule, alikuwa pembeni na kalamu za rangi, anapaka maduara. Alizikariri alama zote vizuri kuliko wanafunzi ninaowafundisha chuoni.

Nikafika kwenye maduara mawili ya katikati. Nikauliza, kalamu iko hewani, "Na hapa kati yenu niweke nini?"

Eufemia akatazama mvuke wa sufuria.

"Weka vitone," akasema Obdulia.

"Vitone?"

"Vitone. Anayejua atajua."

Eufemia akaangua kicheko, tukaendelea kufunga. Niliweka vitone vitano. Siku nyingine, tukiwa wawili tu, Obdulia aliniambia bila kuulizwa, "Si mtoto wa ubatizo aliyenileta huku, binti. Nilimfuata yeye." Niliyaandika maneno hayo kwenye daftari nikiwa bado ngazini, kwa furaha. Nasema ukweli: ilikuwa furaha ya mtu aliyeokota kitu cha thamani ambacho mwenyewe hajui kimeanguka. Kumbe hakikuanguka. Nilikuwa nimepewa nikishike tu.

Profesa wangu, mama mmoja mwema na mwerevu, aliutazama mchoro, akaweka kidole juu ya vile vitone. Vitone maana yake nini? Vipo kwenye orodha ya alama? Hao wanaishi kama wanandoa au hawaishi? Kama wanaishi, akasema, basi kuwafichia ni kuwadhalilisha, ni kusema upendo wao si ndoa kamili. Ilikuwa hoja nzuri. Mimi hoja nzuri hunilewesha. Nilirudi nyumbani, nikafuta vitone vitano, nikachora mistari miwili. Nikajiona shujaa.

Tunakaa nyumba moja na Wairimu, Mkenya wa Nyeri, anayelea wazee huko Wheaton. Alinikuta mezani natengeneza kijitabu cha Kihispania cha kuwarudishia watu matokeo. Hiyo ni sheria ya kazi yetu, na ni sheria nzuri: ukichuma kwa watu, warudishie. Maktaba ya mtaa ilikuwa imenipa ukumbi Jumapili mchana, na wakubwa wa chuo walikuwa wamepitisha fomu zote za ridhaa.

"Si hawa ni wale mathe wa tamales?" Wairimu akauliza, kidole kwenye mchoro.

"Hakuna jina hata moja. Nimeficha majina, kijiji, jengo, kila kitu."

"Umeficha majina alafu ukawacha familia yenyewe. Ani, mimi nimekula huko kwao mara mbili tu na nimewajua. Mama mjane, kijana mmoja, msichana mmoja, na huyo auntie. Na hizi lines mbili ni za nini?"

"Ndoa."

"Walikuambia wao wameoana?"

"Hawakuniambia hawajaoana."

"Wueh! Wewe uliask vizuri, ukajibiwa vizuri, alafu ukaenda kujijibu mwenyewe." Akachukua funguo zake. "Mimi ningewacha hizo dots. Lakini wewe ndiye daktari, mimi nasafisha wazee tu."

Nilimjibu kwa methali, mficha uchi hazai. Nilikuwa na methali ya kila kosa.

Jumapili ile Eufemia alikuja amevaa nguo ya kanisani na amewaleta watu: Rogelio, mkewe, baba mkwe wa Rogelio aliyekuja matembezi kutoka Texas, majirani, na Itzel. "Ni mwalimu wetu," alikuwa anawaambia watu mlangoni. "Amejifunzia jikoni kwangu." Obdulia alikaa safu ya nyuma, mkoba mapajani. Niliongea nusu saa juu ya kazi, ndoa, akina baba wanaojifunza kupika. Walicheka panapochekesha. Kisha nikawasha mchoro, ukajaa ukutani, mkubwa kuliko mlango.

Hapakuwa na jina. Palikuwa na duara la mjane, pembetatu iliyopigwa mshazari pembeni yake, pembetatu moja chini, mkewe, na duara dogo moja. Na upande wa pili wa mjane, duara jingine.

Itzel alisimama juu ya kiti. Kihispania anakielewa, lakini huwa anajibu kwa Kiingereza, na sauti ameirithi kwa bibi yake.

"Baba, sisi wale! Wewe ni ile pembetatu! Mimi ni kale kaduara!" Watu wakacheka, na mimi nikacheka, Mungu wangu. Kidole chake kikapanda juu polepole, kinahesabu, kikasimama. "Lakini hawakuchora vile vitone," akasema. "Wameweka ile ya kuoana. Baba, bibi ameolewa na madrina?"

Madrina, yaani mama wa ubatizo, ndivyo baba yake alivyomwita Obdulia maisha yake yote, na yeye akafuata. Kicheko hakikukatika mara moja. Kilipungua safu kwa safu, kuanzia mbele. Yule baba mkwe akageuza shingo akamtazama Rogelio, na mke wa Rogelio naye akamtazama, na mtoto bado yuko juu ya kiti anasubiri jibu. Nilizima mashine. Kuzima kule kulikuwa kama kupiga kelele.

Rogelio alinikuta kwenye maegesho. Anaezeka mapaa, ana mikono mizito, nilidhani atanipiga na nilitamani anipige. Aliongea taratibu.

"Nilijua tangu nina miaka kumi na miwili," akasema. "Unafikiri mimi kipofu? Kujua hakukunigharimu kitu. Nilimpelekea madrina maua kila Siku ya Mama, sawa na mama yangu, na hakuna aliyeniuliza kwa nini. Sasa mwanangu ameniuliza mbele ya mkwe wangu. Umenifanya nijibu. Na mimi sina jibu, mwalimu. Ungeniachia nisijibu."

Nilitaka kumwambia kwamba hakuna aibu yoyote, na kweli hakuna, mpaka leo nasema hakuna. Lakini jambo halikuwa langu kulitolea hukumu. Lilikuwa la wale wawili, na walikuwa wamekwisha kulipangia mahali pake miaka ishirini na sita, mahali ambapo mtoto alipata bibi wawili, Rogelio akapata mama wawili, na kanisa likapata tamales. Mdomo huponza kichwa, wanasema. Wangu uliponza vichwa vya wengine, wangu mwenyewe ukabaki salama shingoni.

Wiki hiyo Itzel hakuletwa. Wala iliyofuata. Mke wa Rogelio alimwambia Eufemia kwamba baba yake hataki, na yeye hawezi kumvunjia baba yake heshima, na labda mambo yakitulia. Kwa mwezi mzima, kila nilipopita pale mlangoni saa tisa na nusu alasiri, saa ya watoto kutoka shule, nilisikia Eufemia anazungusha kitasa, anachungulia koridoni, anafunga. Huwa tunasema majuto ni mjukuu. Nilikuwa nikidhani ni msemo tu.

Halafu siku moja kitasa hakikuzungushwa. Nikapiga hodi. Eufemia alifungua kidogo, na nyuma yake nikasikia katuni za watoto.

"Mtoto amerudi!" nikasema, kama mjinga.

"Amerudi."

"Na Doña Obdulia?"

"Amekwenda Manassas kwa mtoto wa kaka yake. Alifungasha Jumatatu nikiwa kazini." Sauti yake ile ya ng'ambo ya barabara ilikuwa imeshuka, ilibidi niinamishe sikio. "Alimpigia Rogelio kwanza, akamwambia, mlete mtoto, mimi sipo. Mimi nikaachiwa sufuria." Akanitazama bila hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. "Wewe ulimuuliza, binti. Alikujibu. Nilikuwepo."

Akafunga mlango, taratibu, ili mtoto asishtuke.

Nilifanya nilichojua kufanya, yaani kusahihisha karatasi. Nilimwandikia profesa kwamba sura ile naitoa kwenye tasnifu. Nilizunguka jengo kwa jengo nikakusanya vijitabu vyote arobaini nilivyogawa, nikavichana vipande vidogo. Nilifuta mchoro kwenye kompyuta na kila mahali ulipohifadhiwa. Kisha nikachora mwingine, kwa mkono, kwenye karatasi nzuri nene, maduara mawili na kati yake vitone vitano. Jumamosi moja Wairimu akiwa off akanipeleka Manassas kwa gari lake.

Njiani hakunisema. Alipoegesha tu ndipo akasema, "Enda pole. Na leo usiexplain kitu."

Obdulia alinifungulia mwenyewe. Nyumba ilikuwa karibu na reli, safi, ya watu wengine. Aliniwekea kahawa yenye mdalasini, akafungua makabati matatu kabla ya kuona vikombe. Nilipiga magoti, kikwetu, nikaomba msamaha. Alinyanyua bega langu akasema inuka, inuka, sakafu ina baridi. Nikatoa karatasi yangu nene nikaitandaza mezani.

Akavaa miwani. Akaitazama.

"Na ile nyingine iko wapi?"

"Ipi, Doña?"

"Ya ukutani. Yenye mistari miwili."

Nikamweleza, na nilimweleza kwa fahari, kwamba haipo tena. Nimeifuta kabisa, na vijitabu nimechana, hakuna mtu atakayeiona popote. Obdulia akavua miwani.

"Vitone nilivitaka nilipokuwa na nyumba," akasema. "Vilikuwa kama mlango, unaurudisha tu, watu wajue mmo ndani wasiingie. Sasa niko huku. Mlango wa nini?" Akapitisha kidole kwenye vitone vyangu vitano. "Siku ile nilikuwa nyuma. Kabla mtoto hajasimama nilikuwa nimekwisha kuiona. Mimi na yeye, ukutani, wakubwa namna ile. Miaka ishirini na sita hakuna karatasi iliyotuweka hivyo, ya serikali wala ya kanisa. Nilifurahi, binti. Nilifurahi dakika nzima. Nikasema hata kama ni dakika moja, nimeiona."

Nilikuwa nimewaharibia mara mbili, mara ya kwanza kwa kuandika na mara ya pili kwa kufuta, na mara zote mbili sikumuuliza mwenyewe. Nikageuza karatasi upande mweupe. Nikachora duara, nikachora duara la pili, na katikati mistari miwili, nikiminya kalamu hadi ikaacha alama mezani. Nikamsogezea.

Akaikubali kwa kichwa, kama alivyokuwa anakubali chumvi.

"Na watu wakiwa hivi," akauliza, bila kuinua macho, "mmoja huku, mmoja kule. Elimu yenu inawachoraje?"

Alama ninayo. Kistari kimoja, kinakatiza ile miwili. Yeye mwenyewe aliniona nikikichora kati ya baba yangu na mama yangu, mezani kwake, akanigusa mkono.

"Hakuna alama ya hivyo," nikasema.

Akaniangalia. Treni ikapita, vikombe vikatetemeka, ikaisha, na bado ananiangalia.

"Hakuna kabisa?"

"Hakuna, Doña."

"Bueno, haya," akasema. Akaikunja karatasi mara nne, akaitia kifuani ndani ya nguo, akasimama kufunua sufuria, akauliza kama yule aliyebaki kunisubiri garini amekula.